Nilivyokinyoosha Kikombe cha Mke Wangu

Siku niliyooa nilikosa vitu vifuatavyo: suruali ya kunifika kifundoni, soksi mbili za rangi moja, msimamizi, mpiga picha, viti vya kuwatosha wageni, na keki.

Suruali niliimudu kwa kukunja magoti kidogo kila watu waliponitazama. Soksi nilizificha chini ya meza. Msimamizi alishikwa na tumbo alfajiri ile, nikajisimamia mwenyewe. Mpiga picha hakuwepo, basi hayo mengine hayana ushahidi. Viti vilipopungua, wageni wa upande wangu walisimama na wa upande wake wakakaa, jambo ambalo wakwe zangu walilihesabu kuwa adabu.

Keki ndiyo haikuwa na dawa.

Mke wangu hakuwahi kunilaumu. Alikuwa akisema tu, kila tulipotoka kwenye harusi ya watu, "Keki yao ilikuwa nzuri," kisha ananyamaza mpaka tunafika nyumbani. Kunyamaza kwa namna hiyo, mara moja kwa mwezi, kwa miaka arobaini, humwingia mtu mifupani.

Aliyekosa gazeti la wiki zilizopita nimpashe kwa ufupi. Mimi ni mkaguzi mstaafu wa mizani na vipimo. Niliingia ofisi ile nikiwa mfagiaji, nikasoma darasa la jioni miaka tisa, nikatoka na vyeti vinne, na kwa miaka thelathini na mmoja nilizunguka madukani na sokoni nikikagua mawe ya mizani na makopo ya kupimia. Aliyepunja nilimwandikia, hata awe nani. Mtaani wananiita Bwana Gramu. Vyeti viko ukutani sebuleni, vimepangwa kwa timazi.

Nilipostaafu, mke wangu alinivumilia majuma matatu. Juma la nne alinikuta nikipima kama pakiti ya chumvi inatimiza uzito ulioandikwa juu yake, akasema tutafute jambo la kufanya wawili, na liwe mbali na jiko lake. Tukalima nyanya. Nilizipanda kwa kamba na rula, nikazipa mbolea kwa kipimo sahihi, zikafa zote zikiwa kwenye mstari. Tukaenda kujifunza dansi. Nilihesabu hatua kwa sauti hadi mwalimu akaniomba nikahesabie nje.

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana wiki hii sina pa kujificha.

Miaka arobaini ya ndoa ilikuwa inakaribia. Mke wangu alikuja barazani nilipokuwa nikisoma, akaniondolea gazeti usoni.

"Hayo mambo yako mawili yameshindikana," akasema. "Sasa tufanye langu. Tutaoka keki. Ile ambayo hatukuwa nayo."

Nikasema vema, nitatafuta kitabu.

"Kitabu ni mimi."

Na ni kweli. Mke wangu aliacha shule darasa la tano, na kuoka hakufundishwa na mtu. Lakini watu hutoka mtaa wa tatu kuja kumwagiza keki, na siku za sikukuu hupanga foleni mpaka kwenye lango. Mimi, mtu wa vyeti vinne, nilikuwa sijui hata upande gani wa oveni huwaka kwanza.

Akaniwekea masharti. Yeye fundi, mimi msaidizi. Ningepiga mayai, ningepaka siagi kwenye sufuria za keki, ningechekecha unga. Daftari ningeruhusiwa kuandika mradi nisimsomee. Na kikombe chake cha bati nisikiguse.

Kikombe hicho lazima nikieleze, maana ndicho kilichonileta hapa. Ni cha bati, kizee, kimefubaa. Mwaka aliozaliwa binti yetu wa kwanza kilianguka kutoka dirishani, kikatua kwa kitako juu ya jiwe, na kitako kikaingia ndani kama tumbo la mtu aliyefunga. Tangu siku hiyo mke wangu hupimia unga kwa hicho. Sukari hupima kwa bilauri, mayai huhesabu, siagi huweka pakiti nzima, na maziwa hutia kwa jicho. Lakini unga ni kikombe kile tu, ambacho hutundikwa msumarini karibu na dirisha.

Siku ya kwanza nilipendekeza tununue mizani ndogo ya jikoni.

"Keki huokwa," akanijibu. "Haikaguliwi."

Nikaandika neno hilo kwenye daftari.

Nikiri jambo jingine, ambalo si la aibu. Zile wiki sita za mazoezi zilikuwa nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuishi. Alinishika kiganja kunionyesha jinsi ya kupiga mayai, kwa kuzungusha bila kuchapa, na huku akivumisha wimbo mdogo puani ambao sikuwahi kuusikia. Nikamuuliza ni wimbo gani. Akasema ni wa mayai, anauimba kila siku. Miaka arobaini niko chumba cha pili nikisoma, na sikuwa na habari kwamba jikoni kwangu kuna wimbo.

Keki ya nne niliipaka krimu peke yangu. Ilikaa upande, lakini mke wangu aliila.

Wiki moja kabla ya sherehe tukapata mgeni. Alikuwa Bi Mkuu, mwanamke anayeongoza chuo cha jioni, kile kile nilichosomea mimi miaka hiyo. Nikadhani amenijia mimi, nikavaa koti. Kumbe kamati yake ilikuwa ikitafuta mwalimu wa kufundisha kuoka keki, na yeye alikuwa amekula keki ya mke wangu kwenye sherehe ya mwenzake kazini. Akasema wanakamati wengine wanamtaka mpishi mmoja wa hoteli mwenye cheti. Yeye angependa kuonja tena kabla ya kumtetea mtu asiye na cheti.

Mke wangu akamwalika kwenye sherehe yetu, kwa sauti ya mtu anayemkaribisha jirani maji ya kunywa. Baada ya hapo hakuligusia jambo lile kabisa.

Lakini kesho yake nilimkuta sebuleni akifuta vioo vya vyeti vyangu. Alivifuta kimoja kimoja, taratibu. Bila kugeuka akaniuliza, "Mwalimu wa darasa la jioni huvaa nini?"

Hapo ndipo nilipojua ni kiasi gani anaitaka kazi ile.

Jumamosi, mkesha wa sherehe, alikwenda saluni. Nikabaki peke yangu na kikombe.

Msidhani niliamka na nia mbaya. Nilikuwa nikiosha sufuria, kikombe kiko mbele ya macho yangu, na miaka thelathini na mmoja ya kazi haimtoki mtu kwa kukabidhiwa saa ya ukutani siku ya kustaafu. Nikakishusha. Nikakijaza maji, nikayapima kwa chupa yangu ya zamani ya ofisini. Mililita mia mbili. Kikombe halali ni mia mbili na hamsini.

Nilikaa chini. Nyumbani kwa mkaguzi, kwa miaka yote hiyo, kilitundikwa msumarini kipimo pungufu. Na kesho yake alikuwa anakuja mkuu wa chuo kumpima mtu ambaye angewafundisha wengine. Itakuwaje akiuliza juu ya vipimo? Kama kikombe kile ningekikuta sokoni, mwenye nacho angelala na barua yangu.

Nikajiambia hii ndiyo zawadi nitakayompa. Wengine huwanunulia wake zao mikufu.

Nikaingiza ndani yake kipande cha mti cha mviringo, nikagonga kwa nyundo mara saba. Kitako kikatoka nje, kikakaa sawa juu ya meza bila kuyumba, kwa mara ya kwanza tangu binti yetu azaliwe. Nikajaza maji tena. Mia mbili na hamsini, bila tone la ziada. Nikakikausha, nikakirudisha msumarini, na nikala chakula cha mchana kwa hamu.

Jumapili asubuhi tukaoka. Vikombe kumi na viwili vya unga, keki ya ghorofa tatu. Mkono wake ulichota na kumimina, ukachota na kumimina, na macho yake yako kwenye saa. Kwa nje kikombe ni kile kile, na kitako hakuna anayekitazama.

"Mchanganyo leo mzito," akasema.

Nikamwambia ni mkono wangu umechoka. Akaongeza maziwa kidogo.

Keki zilitoka zimepasuka juu kama kisigino kisichojua mafuta. Akazitazama kwa muda. Lakini wageni walikuwa wanaanza kufika, na krimu huficha mengi. Tukapaka krimu.

Mchana watu wakajaa. Watoto wetu, wakwe, majirani, Bi Mkuu kwenye kiti cha mbele, na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ni fundi bomba na hajawahi kukosa la kusema. Ukafika wakati wa kukata. Tukashika kisu wawili, mkono wangu juu ya wake, watu wakasimama.

Kisu kikapita kwenye krimu, kikagota.

Tukakandamiza. Kikaingia nusu kidole, kikakwama. Watu wakadhani tunafanya mzaha, wakapiga makofi. Nikatia uzito wa mwili. Meza ikasogea, keki ikabaki pale pale.

"Dada," shemeji akasema kutoka nyuma, "msumeno ninao kwenye baiskeli."

Nyumba nzima ikacheka. Mke wangu naye alicheka, ila mkono uliokuwa chini ya wangu ulikuwa umepoa.

Na mimi, wakati huo huo, nimeshika mpini wa kisu, kichwani hesabu ikajipiga yenyewe bila kuitwa. Hamsini mara kumi na mbili ni mia sita. Mia sita kwa mia mbili ni tatu. Tulikuwa tumetia vikombe vitatu vya unga zaidi. Nilijua pale pale, kabla kipande cha kwanza hakijakatika.

Kilikatika hatimaye. Bi Mkuu alitafuna kwa muda mrefu, kwa heshima, akitazama dari. "Inashibisha," akasema. Shemeji aliomba kipande cha pili, akaeleza kuwa mlango wake wa nyuma haukai wazi wenyewe.

Wageni walipotawanyika, Bi Mkuu alizungumza na mke wangu barazani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, sitaficha. Alimwambia keki moja haimwangushi mpishi. Kamati ingekaa Ijumaa saa sita mchana, na kabla ya hapo ailetee barua. Akiitaka kazi, angeoka mbele yao Jumamosi. Barua isipofika, au ikifika ya kukataa, nafasi angepewa yule wa hoteli.

Mke wangu akamshukuru, akasema hatahitaji kungoja sana.

Kisha akaingia ndani, akaketi, akautazama mkono wake wa kulia kama kitu alichookota njiani.

"Umenihama," akasema.

"Nini?"

"Mkono. Ulikuwa unajua wenyewe. Leo nimechota vile vile, nimekoroga vile vile. Umenihama."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa mawili tu. Nilifungua mdomo, na nikajisikia nikisema huenda ni unga.

Sijui kama mmewahi kusema uongo mdogo wenye njaa. Huo wangu ulitaka kulishwa kila siku. Jumatatu alimrudishia mteja oda yake, nami nikasema unga wa siku hizi umechakachuliwa. Akasema ni wa duka lile lile, gunia lile lile. Jumanne akaketi barazani anaukunja mkono na kuukunjua, nami nikasema labda ni oveni. Akaenda akatia viazi, vikaiva vizuri. Jumatano nilikwenda mbali hadi kujitolea kumwandikia mwenye kiwanda cha unga barua ya malalamiko, na nikaanza kuiandika. Ilikuwa barua nzuri. Aliisoma akanirudishia.

"Usimsingizie mtu, Baba," akasema kwa upole. "Uzee hauna kiwanda."

Jioni ile akafunga sufuria zake za keki kwenye kitambaa, ili ampelekee binti yetu. Wimbo wa mayai haukusikika tena. Nyumba ilikuwa kimya kuliko ofisi siku ya mapumziko.

Mtu mwenye akili angeungama. Mimi nilikuwa na akili zaidi ya hiyo.

Nilifikiri hivi: kikombe kikirudi kama kilivyokuwa, nitamshawishi aoke kakeki kadogo, kataiva, atauamini mkono wake, ataandika barua, na hakuna atakayejua kitu. Alhamisi alipokwenda dukani nikakishusha. Nikakigeuza, nikapiga kitako kwa nyundo ya chuma, kwa uangalifu, huku nikipima maji baada ya kila pigo. Mia mbili arobaini. Mia mbili ishirini na tano. Mia mbili na kumi. Zimebaki kumi tu. Nikapiga moja ya mwisho.

Nyundo ikapita upande wa pili.

Nikakitazama kikombe, na kupitia kitako chake nikaiona bustani yenye nyanya zilizokufa.

Nikakitundika msumarini, tundu likielekea ukutani. Ijumaa asubuhi mke wangu akajitwisha sufuria zake kwenda kwa binti yetu. Hakuwa ameandika barua yoyote. Alisema asiyeandika naye amejibu. Alipopotea kwenye kona nikamwita shemeji kwa simu, nikamwambia aje na vifaa vya kulehemu, na aje kimya.

Kuja alikuja. Kimya si kipaji chake. Alidai kwanza aelezwe kisa chote, nami kwa shida niliyokuwa nayo nikamweleza. Alicheka akakosa pa kushika, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akijipangusa macho.

"Shemeji," akasema, "umesoma miaka tisa usiku na usiku, halafu ukapoteza kazi ya dada yangu mchana kweupe."

Nikamwambia azibe tundu kwanza, atanicheka baadaye. Akasema vyote viwili anaviweza kwa pamoja. Akawasha moto wake, nami nikamshikia kikombe kwa koleo. Tuko katika hali hiyo, vichwa viwili vya mvi vimeinama juu ya sinki, tukasikia sufuria zikitua mezani nyuma yetu.

Binti yetu hakuwepo nyumbani. Mke wangu alikuwa amerudi.

Shemeji alizima moto. "Dada," akasema, "mimi ni fundi tu. Mwenye kazi ni huyu hapa."

Akauchukua uoga wake akasogea mlangoni, ila hakutoka, asije akakosa kitu.

Mke wangu akanyoosha mkono. Nikampa kikombe. Akapitisha kidole gumba ndani, kwenye kitako, mahali ambapo kwa miaka mingi bati lilikuwa limeinuka. Akahisi lehemu. Akahisi bati lilivyovimba hapa na kubonyea pale.

"Nani amekigusa kikombe changu?"

Nikapiga moyo konde. "Nilikinyoosha," nikasema. "Jumamosi. Ulipokuwa saluni. Kilikuwa pungufu, mia mbili badala ya mia mbili na hamsini."

Alisimama, midomo ikicheza. Alikuwa anapiga hesabu, bila karatasi, yeye wa darasa la tano.

"Vikombe kumi na viwili," akasema. "Unga ulizidi vikombe vitatu."

"Vitatu kamili," nikasema, na papo hapo nikatamani ulimi ukatike, maana nilikuwa nimesema kama mwalimu anayemsifu mwanafunzi.

Shemeji akaitazama sakafu.

"Kwa hiyo mkono wangu haukuhama."

"Haukuhama."

"Na hili umelijua lini?"

"Kisu kilipokwama."

Akaketi polepole. Nilingoja ghadhabu. Ghadhabu ningeiweza, nimekabiliana na wenye maduka walionifukuza na panga. Lakini aliongea taratibu, akikigeuza kikombe mikononi.

"Bati si kitu, bati hununuliwa," akasema. "Lakini siku tano umeniona naukunja mkono huu na kuukunjua kama wa mgonjwa. Ukaniletea habari za unga. Ukaniletea za oveni. Ukaandika na barua, tena ndefu."

"Niliona haya."

"Haya za nini?"

"Miaka thelathini na mmoja sijawahi kukosea kipimo."

"Na hata sasa hukukosea," akasema. "Kipimo ulikipatia. Uliyemkosea ni mke."

Nikaweka koleo chini.

Akatazama saa ya ukutani. Saa tano kasoro dakika kumi. Kamati ilikuwa inakaa saa sita.

"Leta karatasi," akasema. "Ile nzuri, unayoandikia wakubwa. Na kalamu ya wino."

Nikaleta. Akanionyesha kiti, nikakaa. Yeye akabaki amesimama nyuma yangu, kama msimamizi wa mtihani.

"Andika. Kwa Mkuu wa Chuo cha Jioni. Mimi niliyeweka sahihi hapa chini, mkaguzi mstaafu wa mizani na vipimo, mwenye vyeti."

Nikaandika.

"Vingapi?"

"Vinne."

"Vitaje. Kimoja kimoja, na mwaka wake."

"Mama watoto, Bi Mkuu anavijua, viko kwenye kumbukumbu za chuo chake."

"Basi hatapata shida kuvisoma."

Nikavitaja vinne, kila kimoja na mwaka wake. Sijawahi kuona vyeti vizito namna ile.

Akaendelea. Kwamba tarehe fulani, mke wangu akiwa saluni, nilikitwaa kikombe chake ambacho nilikatazwa kukigusa. Kwamba nilikigonga kwa nyundo mara saba. Nikasema mara ngapi si muhimu. Akasema mkaguzi mwenzangu angetaka kujua. Kwamba kwa sababu hiyo keki iliingia unga wa ziada vikombe vitatu, na ugumu alioutafuna Bi Mkuu ulikuwa wangu, si wa mwokaji. Kwamba nililijua hilo mbele ya wageni nikanyamaza.

"Andika idadi ya siku."

Nikaandika: siku tano.

"Na tundu," shemeji akakumbusha kutoka mlangoni.

"Tundu halihusiani na kamati," nikasema.

"Andika na tundu," akasema mke wangu.

Nikaandika na tundu. Barua hiyo ingesomwa kwa sauti mbele ya watu saba, katika jengo ambalo jina langu limo kwenye ubao wa wahitimu bora. Nikatia sahihi.

Nikauliza, kwa unyenyekevu nilioujifunza dakika ile ile, kama niongeze kwamba atakuja kuoka Jumamosi.

"Hiyo si sehemu yako," akasema. "Nipishe."

Nikasimama. Akakaa, akaivuta karatasi ile ile, akaishika kalamu yangu ya wino. Mke wangu anajua kuandika, ila barua za nyumba hii nimeziandika mimi sikuzote. Hata salamu kwa mama yake mzazi nilikuwa naandika mimi, nikizisahihisha. Akainama, mkono wa kushoto akauweka kama ukuta, namna ya watoto wanaokataa kuibiwa majibu.

Nikajaribu kuhesabu kwa mwendo wa bega. Mistari minne. Akasimama, akanitazama usoni kwa muda, kama anayekagua kitu kabla ya kukigonga muhuri, kisha akaongeza mstari wa tano.

Alikuwa anakubali kazi? Alikuwa anaikataa? Na mstari ule wa tano, alioupata usoni kwangu, ulimhusu nani?

"Unaonaje nikiipitia mara moja," nikasema. "Kwa ajili ya nukta tu."

Akaikunja karatasi mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akailowesha kwa ulimi, akaibana kwa kiganja cha mkono wa kulia, akaubakisha hapo juu yake kwa nguvu hadi gundi ikashika. Akampa shemeji.

"Chuoni. Mkononi kwa Bi Mkuu mwenyewe. Uwahi."

Shemeji akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Nikamfuata mpaka kwenye lango, nikijifanya namfungulia. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye na mimi tumetoka mbali. Akapanda baiskeli.

"Tumetoka mbali, shemeji," akasema, "ndiyo maana sikuamini na bahasha hii."

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano. Chuoni ni dakika ishirini kwa baiskeli yake. Nikageuka. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Umeandika nini?" nikamuuliza.

"Subiri," akasema. "Utasomewa."

Na huko barabarani shemeji alikuwa amekwisha kata kona, akipiga kengele bila sababu, na bahasha iko kifuani mwake; tutaifungua wiki ijayo.